Kichwa Kilichoachwa Nusu

Kichwa kikiwa kimesukwa nusu na nusu bado, ni mali ya nani? Usiniambie ni cha mwenyewe. Mwenyewe hakioni. Mwenyewe amekaa mkekani, shingo kainamisha, anaona vidole vya miguu yake na kokoto za uani, na yote yanayotendeka juu yake anayajua kwa maumivu tu. Wala usiniambie ni changu mimi msusi, maana nikiondoa mikono yangu kinaondoka na mwili wake. Nimelifikiria swali hili tangu siku waliyomchukua Mwanaidi, kama ile inaweza kuitwa siku, na kila nikilifikiria naona kwamba kichwa cha namna hiyo kiko katikati yetu, kinatudai sote wawili, na anayekuja kukinyakua hapo amenyakua watu wawili hata kama garini kapandishwa mmoja. Mimi nilibaki. Lakini sikubaki nzima.

Niseme kwanza habari za mchana, kwa sababu watakaozaliwa baadaye, kama watu watazaliwa tena, huenda wasiamini. Serikali yetu iliitwa Serikali ya Mchana. Iliingia kama serikali nyingine zinavyoingia, kwa matarumbeta na sukari ya bure, na sheria yake ya kwanza ilikuwa jua lisimame saa sita. Likasimama. Usiniulize lilikubali vipi. Huenda jua nalo lina watoto wa kulisha. Walisema jioni ndiyo inayoharibu watu: vivuli vinarefuka, watu wanakaa ndani yake, wanaambiana mambo, na mtu aliyekaa kivulini huwezi kujua anawaza nini. Saa sita kivuli cha mtu kiko chini ya nyayo zake, anakikanyaga mwenyewe, na hapo serikali inaweza kulala. Ikalala yenyewe peke yake. Sisi hatukulala. Penu za nyumba zilikatwa, miti ikakatwa, miavuli ikachomwa uwanjani, na kazi ikawa haina mwisho kwa kuwa hakuna tena saa ya kutoka kazini. Watoto waliokuwa wakicheza nje hawakuitwa ndani. Chausiku, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na mimba ya kujifungua wiki ile ile, na mpaka hapa ninaposimulia anayo mimba hiyohiyo. Mtoto anageuka, anapiga teke, hatoki, maana ataambiwa atoke lini? Hata jina walimnyang'anya. Karani alimwambia Chausiku si jina la kisheria, akamwandika Chamchana. Sisi uani tuliendelea kumwita Chausiku, kwa sauti ya chini, kama watu wanaouziana gongo.

Waliodai jioni walikuwa wanawake. Wanaume nao walinung'unika, lakini walinung'unikia ndani ya glasi. Mwanaidi binti Chande, mpishi wa shule, mwanamke mwenye mdomo na mwenye huruma, na vyote viwili kwa wingi, alikwenda kusimama mbele ya Jumba Kuu akiwa na sufuria yake kubwa kichwani, tupu, imefunikwa. Walinzi wakamwuliza analeta nini. Akasema hajaleta kitu, amekuja kuchukua. Kuchukua nini? Jioni. Hakutaka kiti cha mtu wala shamba la mtu. Alisema amechoka kupikia watoto chakula cha mchana kisicho na cha usiku baada yake. Waliokuja kusimama naye walikuwa wachache, kisha wakawa wengi, kila mmoja na sufuria yake, na walikaa pale juani bila kusema neno, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kusema.

Alipotoka huko alikuja kwangu. "Somoe," akaniambia, "nisuke twende kilioni." Hiyo ni mistari ya kurudi nyuma tu, ya haraka, tunayosukana msiba unapotufika ghafla na hakuna nafasi ya madoido.

"Kafa nani?" nikamwuliza.

"Bado. Huyu mchana. Nataka msiba unikute nimejiandaa."

Tukacheka, akakaa kati ya magoti yangu. Mimi huanzia kisogoni. Wasusi wengi huanzia usoni ili mteja ajione mapema kwenye kioo na kuridhika. Mimi nilifundishwa na shangazi yangu kwamba kisogo ndicho kinachoonwa na wanaobaki nyuma yako, kwa hiyo hukifanya kwanza, ukiwa bado na nguvu, kisha mstari unaupandisha kuelekea kwenye paji la uso. Nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto. Nilikuwa nimechovya vidole kwenye mafuta ya nazi nianze wa kulia, gari jeupe likaingia uani mpaka kwenye beseni la maji.

Aliyeshuka alikuwa Mkaguzi wa Vivuli. Ni mtu mpole. Watu hupenda kusimulia wakatili wakiwa na macho mekundu na mate mdomoni, nami nawaonea wivu wanaopata wakatili wa aina hiyo. Huyu alivua kofia. "Shikamoo, mama," akaniambia. Nikaitikia marahaba, maana mdomo hauna akili, salamu ikija unaipokea. "Tunamwazima mgeni wako kidogo," akasema. Mwanaidi aliinuka mwenyewe. Chanuo langu lilikuwa bado limechomekwa kwenye nywele za upande wa kulia, akaondoka nalo. Mlangoni mwa gari akageuka akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekwenda dukani, "Kazi hii usiifunge, Somoe."

Nilimkosa. Niseme wazi, maana katika simulizi za namna hii watu huwa na hasira tu, kana kwamba anayechukuliwa ni bendera. Nilikosa mdomo wake, harufu ya moshi wa kuni kwenye nguo zake, na mazoea yake ya kunisimulia jambo akaliacha katikati akaanza jingine. Nilikaa kwenye kigoda changu na magoti yangu yakiwa wazi, na kati yake hapakuwa na mtu.

Sasa, kwetu kichwa kilichoanzwa humalizwa na aliyekianza. Hakuna aliyeandika, na hakuna anayebisha. Msusi akikiacha kichwa wazi hagusi kingine, hata cha mtoto, hata cha bibi harusi. Hata anayefariki kichwa kikiwa nusu, msusi wake huitwa kukimalizia kabla hajaoshwa. Kwa hiyo nilipokunja mkeka nikauegesha ukutani sikuwa nafanya siasa. Wateja walikuja nikawaambia, siwezi, kichwa cha watu kiko wazi. Wakauliza cha nani. Nikawaambia. Wakatazamana.

Chausiku ndiye aliyeanza. Alikuja na tumbo lake la tangu sheria ilipopita, akajishusha chini kwa shida. "Sitaki unisuke," akasema, "nimekuja kukaa tu." Akaanza kujifumua mwenyewe upande wa kulia, mstari kwa mstari, huku akiongea habari za bei ya mkaa. Nikamwuliza anafanya nini. "Ah, sijui," akasema. "Naona haya kupita njiani nimekamilika, na mwenzangu yuko vile." Akaenda zake hivyohivyo, kushoto mistari, kulia msitu.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sijawahi kuwabishia wahenga kwa mdomo, ila safari hii wanawake wa mji walibishana nao kwa vichwa. Hapakuwa na mkutano. Kesho yake, neno ninalolitumia kwa mazoea tu, muuza samaki alikuwa nusu, mkunga alikuwa nusu, mke wa karani aliyembadilisha Chausiku jina alikuwa nusu. Waliovaa ushungi walijifumua chini ya ushungi, nasi tulijua, kwa kuwa ushungi ukikaa juu ya kichwa cha namna ile huinuka upande mmoja. Ukimpita mwanamke kwa kushoto ulimwona mtu aliyejipanga kwenda harusini. Ukimpita kwa kulia ulimwona mtu aliyetoka kufiwa. Bwana mmoja alimpisha mkewe kwenye uchochoro akamwambia samahani dada, wakapita, na kila mmoja akafika nyumbani akamsubiri mwenzake. Nami nikaanza kujiuliza kama hatukuwa hivyo siku zote, watu wawili waliofungwa kwenye shingo moja, mmoja wa kuonekana na mmoja wa kubaki, na kama serikali zote zinazopita hazifanyi kingine ila kumtafuta huyo wa pili zimnyoe.

Mwanzoni walitucheka. Kisha likatokea jambo dogo. Mke wa seremala alikuwa kwenye foleni ya maji na mwanawe mgongoni, mtoto aliyekuwa hajapata usingizi tangu jua liliposimama, macho yamemtoka, halii tena kwa kuchoka kulia. Nywele za upande uliofumuliwa ziliangukia begani, zikaweka alama nyeusi juu ya uso wa mtoto, upana wake haufiki kiganja. Mtoto akalala. Watu waliacha ndoo zao wakasogea kumtazama mtoto akipumua kwa mdomo, na mlinzi aliyekuwa akigawa maji akaja naye akatazama, akasahau kufunga bomba.

Ndipo vipaza sauti vilipotangaza kwamba nywele zilizofumuliwa ni kivuli kwa mujibu wa sheria.

Niliogopa. Wote tuliogopa, na anayesema hakuogopa alikuwa mji mwingine. Tulijua waliokamatwa hupelekwa wapi: Nyumba Isiyo na Paa, kuta nne na jua. Hawapigwi sana, tuliambiwa. Wanawekwa. Waliosimama na sufuria walikuwa wamekwenda huko mmoja mmoja, na hakuna aliyerudi kutuambia kuta zina urefu gani. Tulisubiri magari. Hayakuja. Lilikuja moja tu, lile jeupe, na nyuma yake wakatembea wanawake wote wa mtaa, kwa kuwa kipaza sauti chake kilikuwa kinawaita waje washuhudie jambo jema.

"Shikamoo, mama," akasema Mkaguzi. Kisha akawageukia wote. "Mwanaidi wenu alikuwa mgonjwa. Ametibiwa, amerudi. Msusi wake yupo, mkeka upo. Amalizie kazi yake, na kila mmoja wenu arudi kwenye kichwa chake. Serikali haina kinyongo na nywele."

Mlango wa gari ukafunguliwa akashuka Mwanaidi.

Chausiku alianza kulia hapo hapo. Nami nilitaka kulia. Mwili ulikuwa wake, mwendo wa kurusha mguu wa kushoto ulikuwa wake, nusu ya kichwa ilikuwa na mistari na nusu haikuwa nayo. Alinijia akasema, "Somoe, nimerudi." Nikautandika mkeka. Nilitaka awe yeye. Ukitaka kujua serikali inakaa wapi ndani ya mtu, inakaa hapo, kwenye kutaka. Alipoinua uso nikaona kovu la kidevuni, lile alilolipata utotoni kwa kujigonga kwenye ukingo wa kisima. Lilikuwa mahali pake, lina umbo lake, na lilikuwa bichi.

Akakaa kati ya magoti yangu. Nikapitisha kidole kwenye mistari. Walikuwa wameigiza vizuri sana, unene ndio ule, idadi ndiyo ile, na bila shaka walikuwa na picha. Lakini kwenye picha mstari hauonyeshi ulikoanzia. Hii ilikuwa imeanzia usoni ikashuka. Kidole changu kilipanda kutoka kisogoni kikakutana nayo ikija, kama unavyokutana na mtu kwenye ngazi nyembamba.

Kwenye gari waliwasha muziki wa bendi ili furaha ikamilike, na ndani ya kelele ile niliinama kama ninayetafuta chawa.

"Wewe si Mwanaidi," nikamwambia sikioni.

"Mimi ni Mwanaidi binti Chande," akasema, kama mtoto anayesoma ubaoni. Kisha sauti ikashuka. "Suka, mama. Nakuomba, suka tu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Niligawa nywele zake za upande wa kulia na chini yake nikaona ngozi. Ilikuwa imeungua na kubambuka, ikaungua tena juu ya pale ilipobambuka.

"Tulikuwa naye kule," akasema. "Waliponitoa tulipishana mlangoni. Akaniambia, unakwenda kwa msusi wangu, mikono mizito yule, ukiumia usilie, atakusonya."

Maneno hayo nimeyasikia miaka yote ya kumsuka Mwanaidi. Nikajua kwamba yu hai, nikajua kwamba bado ana mdomo wake, na nikalazimika kuuma ndani ya shavu ili Mkaguzi asione uso wangu.

"Yeye wamempeleka wapi?"

"Kwetu. Mimi naitwa Riziki, kwetu ni ng'ambo ya bonde la chumvi. Na sisi tulidai jioni. Wamemfundisha yeye awe mimi. Mama yangu haoni. Atampapasa uso, atajua si mimi. Wataambiana kwamba bibi amezeeka, hajitambui. Ndivyo walivyotueleza. Ninyi mkinikubali hapa, na wale wakimkubali yeye kule, basi hakuna aliyepotea. Kila mji umerudishiwa wake."

"Na nikikukataa?"

"Narudi kwenye zile kuta."

Nimewahi kuambiwa kwamba serikali mbaya ni ile inayoua. Ile yetu ilikuwa imekwisha kufikiri zaidi ya hapo. Kuua kunaacha kaburi, na kaburi lina watu wanaokuja kulipalilia, wakikaa pale wataongea. Yetu ilitaka kila mtu awepo na asiwe yeye. Kila nyumba na mtu wake, kila sufuria na mpishi wake, majina yote yanaitika, na ndani ya kila jina amekaa mgeni anayeogopa kusema neno lake la kwanza. Je, mimi ni nani wa kujua kwamba haikuwa imekwisha kufanya hivyo zamani? Huenda Mkaguzi aliwahi kuwa mtu mwingine. Huenda shangazi aliyenifundisha kusuka aliletwa na gari. Nilitazama mikono yangu ndani ya nywele za Riziki nikaiogopa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa muhuri. Nikisuka, wanawake wa mji watasuka tena vichwa vyao kwa furaha, na Mwanaidi atakuwa amefungwa nje ya dunia akiwa hai. Nisiposuka, binti huyu niliyemshika atarudishwa juani, na ngozi yake nimeiona. Kuna watu watakaosema mapambano yanataka kafara. Watu hao hawajawahi kushika kichwa cha mtu.

"Riziki," nikamwambia, "mimi sitaamua peke yangu. Hiki kichwa kina watu wawili."

Aligeuza uso kidogo, shavu likanigusa goti. Alikuwa mdogo kuliko Mwanaidi, sasa niliona, walikuwa wamemzeesha.

"Ukisuka nitaishi hapa?"

"Utaishi. Nitakupenda hata. Nitakuita Mwanaidi mpaka nizoee."

"Kwetu ninaye msusi, anaitwa Mwamvua," akasema. "Namwona amemshika mwenzako, mama yangu yuko pembeni anasema huyu siye, huyu siye, na Mwamvua anasuka." Muziki ulikuwa ukielekea mwisho. "Fumua," akaniambia.

"Ukifumuliwa—"

"Nimeelewa. Fumua, mama."

Nikafumua. Nilianza na mstari wa pembeni ya sikio, upande wa kushoto, ule wa uongo. Mstari uliosukwa na anayeogopa hufunguka kwa urahisi sana. Muziki ukanyamaza nami nilikuwa kwenye wa tatu, na wanawake wakaanza kuuliza mbona anafumua, kulikoni, na Chausiku akaacha kulia, akatazama.

"Mama Somoe," akasema Mkaguzi bila kuinua sauti, "unaharibu."

"Natengeneza, mwanangu. Huyu ni mgeni. Mgeni hasukwi kwenye mstari wa mtu."

Mkaguzi alitoa kitambaa akajifuta shingo. Walinzi waliokuja naye walimtazama yeye, naye akanitazama mimi, na katika macho yake sikuona hasira, niliona mtu anayepanga foleni ya mambo atakayonifanyia na anayeheshimu mpangilio. "Mikono hiyo," akasema, "tutaizungumzia."

Mkunga alisogea mbele. Ni mwanamke mzito, hana haraka na mtu. Alichuchumaa mbele ya Riziki kama tunavyofanya mgeni anapoingia nyumbani, akamwuliza, "Jina lako nani, mwanangu?"

"Riziki."

"Riziki wa nani?"

"Riziki binti Mponda."

"Hujambo, Riziki binti Mponda? Mama yako anaitwaje?"

Akamtaja. Muuza samaki akauliza kwao wapi, akataja bonde. Mke wa seremala akauliza wako wangapi kuzaliwa, wanalima nini, walipataje mvua. Haya ni maswali ya kawaida, mgeni yeyote kwetu huulizwa, na kila jibu sauti ya Riziki ilipanda kidogo mpaka waliosimama kwenye geti wakaisikia. Mwisho Chausiku akauliza, "Na Mwanaidi wetu umemwona?" "Nimemwona," akasema. "Yuko kwetu, wanamwita Riziki. Msikubali." Kovu la kidevuni lilikuwa limeanza kutoa damu kwa sababu ya kuongea.

Mkaguzi alimwita mtu aliyekuwa ndani ya gari muda wote. Alikuwa Mzee Mbaruku, kinyozi. Mji mzima unamjua, nywele za uchanga za nusu yetu alizinyoa yeye siku ya arobaini, mapajani kwa mama zetu. Serikali ilikuwa imemchukua awe kinyozi wake na tulikuwa hatujamwona tangu hapo. Alishuka na mashine ya kunyolea ya betri, hakumsalimia mtu, na hilo kwa mzee yule lilikuwa jambo la kutisha kuliko mashine. "Anza na huyu," akasema Mkaguzi. "Asiye na nywele hana upande."

Akamnyoa Riziki akiwa bado kati ya magoti yangu. Nywele zilianguka kwenye kanga yangu. Mashine ilipofika kwenye ngozi iliyoungua Riziki alishika kifundo cha mguu wangu akakikaza, hakulia, nami sikusonya. Mzee Mbaruku aliiona ngozi ile. Alipomaliza, wanawake waliokota nywele zote, hata zilizopeperuka hadi kwenye beseni, kwa kuwa nywele za mtu haziachwi chini zikanyagwe, wakazifunga kwenye pindo la leso.

Walinzi walikuwa wakingoja amri ya kukamata wa pili. Chausiku hakuingoja. Alikwenda akajishusha mbele ya kinyozi, tumbo mapajani, akavua kitambaa. "Haya, Mzee," akasema. "Nusu ya kazi nimekupunguzia." Nyuma yake akaja mkunga, nyuma ya mkunga mke wa karani, na waliokuwa getini wakaanza kujipanga kwenye uchochoro. Walikuwa wanajua wanafanya nini: nywele zikiisha kwenye vichwa vyote, serikali itamtambua nani? Itamleta nani mahali pa nani? Lakini walikuwa wanaogopa pia. Mke wa seremala alitapika ukutani kisha akarudi kwenye nafasi yake. Mimi niliingia foleni nikiwa nimemshika Riziki mkono, maana sikutaka awe mbali, na kutoka pale tuliposimama sikuweza kuuona mwisho wa foleni.

Mashine ilinguruma. Mzee Mbaruku alinyoa, akanyoa. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na kivuli cha kujipumzisha. Kichwa kikitoka kinakaa kingine. Betri ikabadilishwa, ikabadilishwa tena. Mgongo wake ulipinda mpaka akawa ananyoa kwa kupiga magoti, na mkono ukawa unavimba. Halafu, katikati ya kichwa cha mwanamke mmoja, aliizima. Alimgeukia Mkaguzi, kwa adabu, kama mfanyakazi yeyote anavyomwuliza mkubwa wake.

"Mkuu," akasema, "tunaacha saa ngapi?"

Mkaguzi alifungua mdomo. Alitazama juu, jua lilikuwa pale pale walipoliweka. Alitutazama sisi, na uchochoro, na vichwa vinavyong'aa vilivyokaa ukutani, na vile vinavyosubiri. Akafunga mdomo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikosa neno, na haikunifurahisha, kwa kuwa mtu mpole akikosa neno hutafuta kitu kingine.

"Mwekeni kwenye foleni," akawaambia walinzi.

Walinzi hawakusogea upesi, huenda hawakuelewa. Mzee Mbaruku alielewa. Alipuliza nywele kwenye meno ya mashine, akaiweka juu ya kigoda changu taratibu, maana ni chombo cha kazi, akatembea mwenyewe kuelekea nyuma. Alipotupita alikuwa anatazama chini. Muuza samaki aliyekuwa nyuma yetu alisita, kisha akarudi nyuma hatua, akamwachia nafasi. Pale mbele Mkaguzi alibaki amesimama karibu na kigoda. Baada ya muda alianza kukunja mikono ya shati lake jeupe, mkunjo baada ya mkunjo, na akaichukua mashine.

Riziki alimtazama yule mzee, kisha akanivuta kanga.

"Na huyu ni wenu?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Tangu sasa hivi."